Mkeka wa Mshtarii

Mchana ninafanya kazi katika studio ndogo ya picha, ghorofa ya pili ya jengo moja la River Road, na usiku, watoto wakishalala na nyumba kutulia, ninafanya kazi ile ile kwa picha zilizopigwa mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika. Mchana ni picha za pasipoti, za vitambulisho na za programu za mazishi. Usiku ni mawingu ya Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua letu, pamoja na miezi yake. Wanaonifahamu huziona kuwa shughuli mbili zisizohusiana. Kwangu ni kazi moja, na aliyenifunza namna ya kuifanya usiku ni mteja mmoja wa mchana, mama ambaye sikumwona tena baada ya wiki ile.

Alikuja na picha ya marehemu mumewe, kipande kidogo kilichochakaa, chenye mkunjo mweupe uliopita katikati ya shavu. Alitaka ikuzwe, iwekwe kwenye jalada la programu ya mazishi. Niliishughulikia kwa bidii: nikaziba mkunjo, nikaondoa madoa, nikalainisha ngozi, nikafuta na kivuli chembamba kilichokuwa chini ya jicho la kushoto. Nilipomgeuzia skrini aone, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, umemfanya mzuri, lakini huyu si yeye." Kile kivuli kilikuwa kovu. Alilipata kwa kuanguka na baiskeli alipokuwa kijana, kabla hawajaoana, nami nilikuwa nimelidhania doa la karatasi. Nikalirudisha lilipokuwa. Mama akalipa, akashukuru, akaenda kuzika.

Doa la karatasi au kovu? Sijui swali jingine linalokaa karibu zaidi na kiini cha kazi hii, iwe ni uso wa mtu au uso wa sayari.

Chombo kinachoniletea picha ninazozishughulikia zaidi kinaitwa Juno. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilikirusha tarehe 5 Agosti 2011, nacho kikafika Mshtarii mnamo Julai 2016, kikaanza kuizunguka sayari hiyo kwa njia inayopita juu ya ncha zake mbili. Ndani yake mna vifaa vya kupima nguvu ya sumaku, mvutano na mawimbi ya redio, lakini mna pia kamera moja, JunoCam, iliyotengenezwa na kampuni ya Malin Space Science Systems ya San Diego, ambayo iliwekwa kwa ajili ya umma zaidi kuliko kwa ajili ya utafiti wenyewe. Mwanasayansi Candy Hansen, anayeisimamia, na wenzake waliamua tangu mwanzo kwamba picha ghafi zingewekwa kwenye mtandao ili mtu yeyote azichukue, azishughulikie na kuzirudisha zikiwa zimekamilika. Sehemu kubwa ya picha nzuri za Mshtarii ambazo dunia imeziona tangu wakati huo zimepita katika mikono ya watu wasioajiriwa kuzitengeneza: Gerald Eichstädt, Mjerumani mwenye hisabati ya kutisha, Björn Jónsson wa Iceland, Kevin M. Gill, Seán Doran na wengine. Nilianza kwa kusoma maelezo wanayoyaandika chini ya picha zao, neno kwa neno, kama mwanafunzi anayenakili ubao.

Picha ghafi ya JunoCam, ukiifungua mara ya kwanza, utadhani faili limeharibika. Huoni sayari. Unaona utepe mrefu wa kijivu unaoshuka chini bila kikomo, umekatwakatwa vipande vyembamba vinavyorudia jambo lile lile mara tatu tatu, kila kipande kikiwa na upana wa pikseli 1,648 na kimo cha pikseli 128. Sababu ni kwamba Juno haisimami ikatazama. Hujizungusha kama pia, takriban mara mbili kwa dakika, na kamera hutumia mzunguko huo huo kuifagia sayari kwa jicho. Mbele ya kihisi chake kumebandikwa vichujio vinne: chekundu, kijani, buluu, na kimoja cha mwanga usioonekana kwa macho ambao gesi ya methani huufyonza. Kila kichujio hupata ukanda wake mwembamba, chombo huzunguka kidogo, ukanda mwingine huchukuliwa, na mambo huendelea hivyo mpaka sayari inapotoka mbele ya lenzi.

Bibi yangu, aliyeishi Malindi, alikuwa mshona mikeka. Hakuanza na mkeka. Alianza na miyaa, majani ya kusukia, akaianika, akaichana, nyingine akaitia rangi, kisha akasuka kili, yaani kanda ndefu nyembamba, alizozikunja mduara na kuziweka pembeni kwa wiki nyingi. Mkeka ulikuja mwishoni, kwa sindano, kili zilipolazwa ubavu kwa ubavu na kushonwa; na watu walioujua ufundi huo walimpima kwa jambo moja tu, kama nakshi ya ukili mmoja inakutana na nakshi ya ukili wa pili bila kuruka. Nilipoliona faili la kwanza la JunoCam nilijua mara moja ninatazama nini. Zilikuwa kili. Mkeka ulikuwa haujashonwa.

Lakini mkeka huu ni mgumu. Vipande vya buluu, vya kijani na vya nyekundu havikuchukuliwa kwa wakati mmoja. Kati ya kimoja na kingine chombo kimegeuka na kimesonga mbele, na Juno inapokuwa karibu kabisa na Mshtarii, kilomita elfu chache tu juu ya mawingu, husonga kwa zaidi ya kilomita 200,000 kwa saa. Mshtarii nayo haimsubiri mtu, kwani siku yake haifiki hata saa kumi. Nilijaribu mwanzoni kuzioanisha kili kwa jicho na kwa mkono, kama ninavyooanisha vipande vya picha iliyoraruka. Nilikesha usiku tatu mfululizo. Zilikubaliana katikati na kukataana pembeni. Nilipozivuta pembeni zikubaliane, katikati pakafunguka, na kila kimbunga kikawa na ukingo mwekundu upande mmoja na ukingo wa buluu upande wa pili. Nilikuwa ninajaribu kuufunika mpira kwa mkeka uliolala sakafuni.

Dawa ya tatizo hilo ni hesabu, na hesabu hiyo imewekwa wazi. Katika maabara ya JPL kule Pasadena kuna kitengo kiitwacho NAIF kinachotunza kumbukumbu za mahali chombo kilipokuwa, upande kilioelekea na mahali ilipokuwa kila sayari kwa kila nukta ya safari. Ukishazipata kumbukumbu hizo, pamoja na vipimo vya jinsi lenzi inavyopindisha mistari, unaweza kuiuliza kila pikseli swali la haki: wewe uliangukia wapi juu ya Mshtarii? Kisha unaipeleka mahali pake. Nilijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa ajili ya jambo hilo tu, jioni baada ya kazi, kwenye kompyuta ya mkononi niliyoinunua Luthuli Avenue ikiwa tayari imetumiwa na wengine, ambayo betri yake haishiki chaji, hivyo stima ikipotea na kazi imekwisha. Ilinichukua karibu mwaka mzima kupata picha moja isiyo na ukingo wa rangi. Usiku ule kili zilipokutana zenyewe, kimbunga kikaungana na mkia wake juu ya mishono minne bila kuruka, nilimwamsha mke wangu. Alitazama, akasema ni kama maziwa yanayokorogwa ndani ya chai, na hata sasa sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Kuna hatua moja kabla ya kushona ambayo wanaoanza huiruka, na ninaitaja kwa sababu niliiruka mimi pia. Kihisi cha kamera kinaweza kutofautisha viwango 4,096 vya mwanga, lakini ili kupunguza mzigo wa kutuma habari kutoka mbali kiasi hicho, safari ambayo mwanga wenyewe huchukua zaidi ya nusu saa, viwango hivyo hubanwa kuwa 256. Havibanwi kwa usawa. Sehemu zenye giza hupewa hatua ndogo ndogo, zenye mwanga hupewa hatua kubwa, mfano wa mwenye duka anayehesabu sarafu moja moja kwa mnunuzi wa kidogo na kuhesabu mabunda kwa mnunuzi wa jumla. Ni lazima uzifungue hesabu hizo kwanza, urudi kwenye mwanga wenyewe, ndipo uanze kusawazisha rangi. Asiyefanya hivyo hupata Mshtarii iliyopauka, kisha huongeza rangi kwa nguvu ili kutibu ugonjwa aliousababisha mwenyewe.

Kuhusu rangi nina msimamo, na nitausema. Mshtarii, kwa jicho la mtu ambaye angekuwa dirishani mwa Juno, si sayari ya buluu iliyoiva wala ya machungwa yanayowaka. Ni ya rangi ya samli, ya chai ya maziwa, ya udongo wa mfinyanzi uliokauka, na penye ncha huingia kijivu chenye ubuluu hafifu. Rangi kali tunazoziona katika picha nyingi zinatokana na kuvuta tofauti: tofauti ndogo sana kati ya wingu na wingu inatanuliwa mpaka jicho liione bila shida. Sioni ubaya wowote katika hilo. Bila kuvuta, michirizi midogo ndani ya vimbunga haionekani, na vimbunga vyenyewe ndivyo habari. Hata mwangaza ni uamuzi wa mtu, maana mwanga wa Jua unaofika Mshtarii ni kama sehemu moja tu kati ya 27 ya ule unaotufikia sisi, na mtu akisema anaonyesha sayari hiyo "ilivyo" inabidi kwanza aseme kama ameiweka kwenye jua lake au kwenye jua la Nairobi. Ninachokitaka ni kwamba aliyevuta aseme amevuta.

Kwa hakika kuvuta kumewahi kufichua ukweli ambao hakuna aliyeutarajia pale. Machi 1979, siku chache baada ya Voyager 1, chombo kingine cha NASA, kupita karibu na Mshtarii, mhandisi Linda Morabito wa JPL alikuwa akikagua picha ya mwezi uitwao Io. Picha hiyo haikupigwa kwa ajili ya uzuri wala jiolojia. Ilikuwa ya urambazaji, iliyoachwa ipokee mwanga mwingi makusudi ili nyota hafifu zilizo nyuma ya Io zionekane na kusaidia kujua chombo kiko wapi. Alipoziongezea mwangaza sehemu za giza, pembeni mwa Io kikachomoza kitu kama mwavuli uliofifia, kikubwa mno. Hakushangilia papo hapo. Yeye na wenzake walikagua kwanza kama ni kasoro ya kamera, kisha kama ni mwezi mwingine unaochungulia kwa nyuma, wakaondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine, mpaka likabaki jibu moja: volkano, inayorusha vumbi na gesi zaidi ya kilomita 250 juu. Hiyo ilikuwa volkano hai ya kwanza kuonekana nje ya Dunia. Watafiti watatu, Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds, walikuwa wamechapisha siku chache tu kabla ya hapo hesabu zinazoonyesha kwamba Io hukandwakandwa na mvutano wa Mshtarii hadi ndani yake kuyeyuka. Ninalipenda tukio hilo kwa sababu ya saa zile za kukagua. Mwavuli ule ungeweza kuwa doa la karatasi, na Morabito alikubali kuishi na uwezekano huo mpaka ushahidi ulipomruhusu kuacha.

Mimi sikuwa na subira hiyo katika picha yangu ya pili. Nilikuwa nimegundua kitufe cha kunoa, nikainoa Mshtarii mara moja, mbili, mara tano, mpaka kila kimbunga kikazungukwa na pete nyembamba nyeupe, nzuri kama ushanga. Nilimpelekea picha hiyo mwalimu wangu wa zamani wa fizikia, ambaye sasa amestaafu na bado ninamwamkia kwa shikamoo. Alinipigia simu akaniuliza pete zile ni za nini. Nikaanza kumweleza habari za upepo na mawingu ya amonia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama pete hizo zimo katika picha ghafi. Nikafungua faili nikiwa bado kwenye simu. Hazikuwamo. Ziliumbwa na kunoa kwangu. Programu inapolazimishwa kukoleza ukingo huongeza mwanga upande mmoja na giza upande wa pili, na ukirudia mara nyingi unapata pete. Katika picha ile ile, sehemu zenye giza, kulikuwa na vijisanduku vidogo vilivyopangika kama vigae, alama za mbano wa habari, ambavyo nilikuwa nimevitafsiri kuwa mawingu ya aina mpya.

Tangu siku hiyo kila picha ninayoitoa ina maelezo, nami huyahesabu maelezo hayo kuwa sehemu ya picha yenyewe. Huandika kili zimetoka katika faili gani, rangi zimesawazishwa namna gani, nimevuta wapi na kwa kiasi gani. Wengine huniona ninajichosha. Nawaelekeza kwa Neptuni. Voyager 2 ilipoipita sayari hiyo Agosti 1989, picha zake zilitolewa zikiwa zimekolezwa ili mawingu yaonekane, na maelezo yaliyoandamana nazo yalilisema jambo hilo waziwazi. Kisha picha zikaanza safari. Zikaingia vitabuni, kwenye mabango ya madarasa, kwenye kalenda, na kila zilipohama ziliyaacha maelezo nyuma, mpaka vizazi viwili vya wanafunzi wakajua kwamba Neptuni ni ya buluu iliyokolea na Urani ni ya kijani kilichofifia. Mapema mwaka 2024 kundi la watafiti lililoongozwa na Patrick Irwin wa Chuo Kikuu cha Oxford lilizishughulikia upya data za zamani kwa msaada wa vipimo vya darubini za sasa, likaonyesha kuwa sayari hizo mbili zina rangi zinazokaribiana sana, zote za buluu iliyochanganyika na kijani, na Neptuni imeizidi mwenzake ubuluu kwa kiasi kidogo tu. Hakuna aliyedanganya mwaka 1989. Maelezo tu ndiyo yaliyopotea njiani. Katika studio kuna bango la sayari ambalo watoto hulitazama wakisubiri kupigwa picha. Sikuliondoa, ila nimebandika karatasi chini ya Neptuni.

Kazi iliyoko mezani kwangu sasa ni ya Io. Tarehe 30 Desemba 2023 Juno iliupita mwezi huo kwa umbali wa kilomita 1,500 hivi, karibu kuliko chombo chochote kwa zaidi ya miaka ishirini, na ilikaribia sana kuupita ikiwa haioni. Mshtarii imezingirwa na mikanda ya chembe zinazokwenda kasi sana, ambazo huharibu vihisi kidogo kidogo. JunoCam ilitarajiwa kudumu walau mizunguko minane ya kuizunguka Mshtarii. Ilifanya kazi vizuri kwa mizunguko 34, ikaanza kuonyesha dalili za kuchoka kufikia wa 47, na katika mzunguko wa 56, Novemba 2023, karibu kila picha ilijaa chenga na michirizi. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu. Wahandisi waliamua kuwasha kipashajoto cha kamera hadi mwisho wake, wakitumaini kwamba joto lingezirudisha mahali pake kasoro ndogo zilizotokea ndani ya kihisi, jambo ambalo lilikuwa limesaidia mara moja hapo nyuma. Siku za mwanzo hazikuonyesha nafuu kubwa. Kisha, Io ikiwa inakaribia, picha zikaanza kutakata, na siku yenyewe ilipofika kamera ilikuwa inaona karibu kama ilivyoona ilipokuwa mpya.

Nairobi mwisho wa Desemba huwa tupu; watu wamekwenda kwao, barabara zinapitika, na studio tunaifunga mpaka baada ya mwaka mpya. Nilikuwa na muda wote niliouhitaji. Nilipakua kili, nikafungua hesabu za mwanga, nikashona. Milima ya kaskazini ya Io ilisimama mbele yangu na vivuli vyake virefu, na upande wa usiku, ambao ningetarajia uwe mweusi kabisa, ulionekana kwa mwanga hafifu unaorudishwa na Mshtarii, kama chumba kinachoangazwa na taa ya nyumba ya jirani.

Katika giza hilo kulikuwa na vidoa vyeupe kumi na vitatu. Io ina mamia ya volkano, na volkano kali huweza kung'aa usiku. Lakini chembe za mikanda ile nazo, zikikigonga kihisi, huacha kidoa cheupe hivyo hivyo. Kipimo ni rahisi kukieleza na kirefu kukifanya. Chembe hugonga mara moja, mahali pamoja, katika ukanda mmoja. Kitu kilicho juu ya Io lazima kirudi katika ukanda wa rangi nyingine, mahali pale pale, hesabu zikishafanywa. Nilivifuatilia kimoja kimoja, nikilinganisha nyekundu na kijani na buluu, kwa jioni nne. Kumi na viwili vilikuwamo katika ukanda mmoja tu, nikavifuta, na nimeeleza kwamba nimevifuta. Cha kumi na tatu kiko karibu na ukingo wa kushoto. Kimo katika nyekundu. Kimo katika kijani, chembamba zaidi, pikseli mbili au tatu. Katika buluu hakimo, na kitu cha moto kingeng'aa zaidi katika nyekundu kuliko katika buluu, ingawa chembe mbili nazo zingeweza kuangukia karibu karibu. Nimekiacha. Chini ya picha, baada ya majina ya mafaili na hesabu za rangi, nimeandika: "Kidoa kilicho karibu na ukingo wa kushoto kinaonekana katika kili za nyekundu na kijani, hakionekani katika buluu. Sijakigusa."